CHUPA, RISASI NA NENO LA KAPITA

Ndugu wanafunzi, wapendwa walimu wetu, na wewe Bwana Prefe,

Mara nyingi ukurasa huu wa kapita unaleta matangazo: nani amepoteza kitabu cha maktaba, bweni gani limeshinda kwa usafi, taa zitazimwa saa ngapi. Leo sina tangazo. Nimeomba ukurasa huu ili niandike jambo moja lililotokea kati yetu. Wengi wenu mmelisikia nusu, na nusu nyingine ninayo mimi. Hakuna mtu aliyenilazimisha kuandika. Lakini tangu siku ile, kila nikipiga kengele ya sala ya magaribi na kuwaona watoto wa darasa la saba wakijipanga, ninaona deni, na deni hulipwa mbele ya wale walioshuhudia.

Jambo lilianza na sinema. Mnakumbuka siku ya posho ile, Direkta wa disiplini aliporuhusu grupu iwashwe mpaka saa tatu za usiku, na shuka nyeupe ikatundikwa ukutani mwa chumba cha kulia. Tulionyeshwa Jaws, sinema ya Wamarekani ya mwaka 1975 iliyotengenezwa na Steven Spielberg, habari ya papa mkubwa anayekula watu pwani. Sisi watu wa milima na ziwa hatujaona papa, lakini tulipiga kelele kama yuko mlangoni. Mwishoni mkubwa wa polisi, jina lake Brody, yuko peke yake juu ya mlingoti wa mashua inayozama. Papa anakuja, na katika meno yake imekwama chupa ya hewa, ile ambayo wazamiaji wanabeba mgongoni ili wapumue chini ya maji. Brody anashika bunduki ya vita, M1 Garand, anapiga, anakosa, anapiga tena. Risasi inaingia chupani, na papa analipuka vipande vipande. Bweni zima tuliruka juu. Hata mpishi alipiga makofi.

Tulipokuwa tukirudisha mabenchi, mabishano yakaanza. Mmoja wa klasi yetu akasema, “Ni vile kabisa. Ukipiga chupa ya gazi na masasi, inapasuka boum! Hata bombone ya kupikia.” Mwingine akasema, “Weye unasemaka tu. Umeona wapi?” Yule akajibu, “Tumeona sasa hivi na macho yetu!” Watoto wadogo walisimama wakisikiliza, midomo wazi. Mimi nikiwa kapita nilitaka neno la mwisho liwe langu. Nikasema, “Iko bongo ya sinema.” Waliniuliza sababu gani. Sikuwa na sababu. Nilisema tu kwamba ni usiku, watu walale.

Ni vizuri niungame hapa kitu kidogo: katika kazi hii ya ukapita nimejifunza kwamba sauti kubwa inaweza kukaa mahali pa sababu, kwa muda. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Siku ya kwanza, saa ya mapumziko, nilimfuata Mwalimu wetu wa fizikia, nikamwuliza: risasi inaweza kulipua chupa, ndiyo ao hapana?

Mwalimu alicheka, akachukua chaki, akanirudisha darasani. Wenzangu wanne wakafuata. Alisema swali hili si jipya. Huko Marekani kuna watu wanaopenda kwenda porini na bunduki kubwa na kupiga vyombo vya kila namna, wapate kuona kitu gani kitatokea. Na kulikuwa na mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2003, jina lake MythBusters, ambamo mafundi wawili, Adam Savage na Jamie Hyneman, walikuwa wakichukua maneno yanayosemwa na watu na kuyajaribu kwa kazi ya mikono. Mwaka 2005 walifanya jaribio juu ya ile sinema ya papa. Walijaza chupa ya mzamiaji hewa, wakaipiga risasi. Chupa ilitoboka. Hewa ikatoka kwa nguvu kubwa, na chupa ikarukaruka kama roketi. Lakini moto haukuwako, wala mlipuko ule wa sinema.

“Kwa nini?” Mwalimu akauliza, na akajibu mwenyewe kama kawaida yake. “Kwa sababu ndani mlikuwa hewa. Hewa haiwaki. Ingekuwa inawaka, mtu wa kwanza aliyewasha kiberiti angalichoma dunia.”

Aliongeza kwamba hata kitabu cha Peter Benchley cha mwaka 1974, kilichozaa sinema ile, hakina mlipuko huo. Katika kitabu papa anakufa kwa vidonda vyake. Mlipuko uliongezwa na watu wa sinema ili watazamaji wasimame.

Mmoja wetu akauliza, “Na bombone ya kupikia? Ile iko na gazi inayowaka.” Mwalimu akasema kwamba lile nalo lilijaribiwa na watu walewale mwaka 2008, kwa sababu ya sinema nyingine, ya James Bond. Risasi ya bastola haikutoboa hata chuma cha bombone. Silaha yenye nguvu zaidi ilitoboa, lakini gazi lilitoka tu bila kuwaka. Ilibidi watumie bunduki yenye midomo mingi inayozunguka, na risasi zenye dawa ya moto ndani, ndipo mlipuko ukapatikana. Risasi ya kawaida ni kipande cha madini kinachokwenda mbio. Haibebi moto.

Halafu akaandika ubaoni fomula tunayoijua wote: nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Risasi ya bastola ya milimeta 9 ina grama 8 hivi, na mwendo wa meta 350 kwa sekunde: inatoa karibu joule 490. Risasi ya Kalashnikov nayo ina grama 8 hivi, lakini mwendo wake ni meta 715 kwa sekunde: karibu joule 2.000. Halafu akaandika 12,7, na darasa likanyamaza. Jina hilo hakuna mtoto wa pande zetu anayehitaji kuelezwa. Ni bunduki ile kubwa inayofungwa nyuma ya magari. Risasi yake ina grama 43 hivi, mwendo wa meta 890 kwa sekunde: karibu joule 17.000. Ni zaidi ya mara 8 ya Kalashnikov.

“Hata hii,” akasema Mwalimu, “inatoboa tu. Itatoboa upande huu na upande ule, lakini haiwezi kuifanya hewa iwake moto.” Kengele ikalia. Alipokuwa akipangusa mikono alisema neno ambalo nililisikia lakini sikulishika: “Hiyo ni hesabu ya risasi. Hesabu ya chupa tutaifanya siku ya tatu. Hiyo ndiyo ya maana.”

Mimi sikungojea siku ya tatu.

Usiku uleule, baada ya sala, nilisimama juu ya kitanda cha chini katika bweni la wadogo. Nilianza na MythBusters, nikaenda kwa 12,7, nikataja joule zote kwa kichwa bila daftari. Watoto walikaa kimya kama katika ibada. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilipomaliza, mmoja mdogo wa darasa la saba, mtoto mwenye akili ya kuuliza, akainua mkono: “Yaya Kapita, basi ile chupa haiko na hatari?”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, “Ngoja siku ya tatu.” Badala yake nilisema: “Hapana, haiko na hatari. Iko chuma tu na hewa ndani. Sinema ndiyo inawadanganya.”

Walipiga makofi. Nikazima taa.

Sasa mnajua kwamba majuma yale fundi wa kuunga vyuma alikuwa akitengeneza madirisha mapya ya kanisa. Alileta chupa mbili ndefu, moja ya asetileni na moja ya oksijeni. Kila magaribi alizifunga kwa kamba kwenye mti wa mapera, nyuma ya kanisa. Siku ya pili, saa ya kazi za mikono, Papa fundi alikwenda kunywa chai kwa mpishi. Ile chupa ya oksijeni alikuwa ameifungua kutoka kwenye mti ili aisogeze karibu na kazi, na aliiacha imeegemea shina tu. Kofia ya chuma inayolinda shingo yake ilikuwa chini katika majani.

Nilipita njia ile nikiwa na daftari langu la mahudhurio. Watoto watano walikuwa wamesimama kama hatua 15 kutoka kwenye mti, na manati mikononi. Mawe yalilia juu ya chuma, ting, ting. Yule mdogo wa swali aliponiona hakukimbia, kwa sababu hakuona ubaya. Alifurahi. “Yaya Kapita! Tuko najaribu kama Wamarekani!”

Ndugu zangu, ningeweza kuandika kwamba niliwakataza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwako kunishuhudia ila wale watano, na wao hawakusema. Lakini sikuwakataza. Nilicheka. Nilimwambia mmoja, “Unakosa sana, lenga pale juu kwenye ufunguo.” Nikaendelea na njia yangu.

Sikuwa nimefika pembe ya kanisa niliposikia kishindo, halafu sauti ya sss, kama nyoka mkubwa. Nilirudi mbio. Sijui kama ni jiwe lililoisogeza, ao ni mmoja wao aliyekwenda kuitikisa. Chupa ilikuwa imelala chini. Shingo yake ilikuwa imeanguka katika udongo laini, umbali wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye jiwe la msingi la kanisa. Ufunguo ulikuwa umelegea, na oksijeni ilikuwa ikitoka. Watoto walisimama wakitazama. Mmoja alikuwa akicheka bado.

Papa fundi alikuja akikimbia namna ambayo sijamwona mzee akikimbia. Kikombe alikitupa njiani. “Leka! Tokeni! Munataka kufa?” Alitusukuma wote nyuma ya ukuta, na mimi pamoja, halafu akarudi peke yake, akapiga magoti, akafunga ufunguo. Sauti ikanyamaza. Alikaa chini katika majani, mikono yake ikitetemeka, na kwa muda mrefu hakusema neno. Aliposema, hakufoka tena. Alisema kwamba alipokuwa kijana akijifunza kazi katika garaje moja, chupa kama ile ilianguka kutoka kwenye gari, shingo ikavunjika juu ya saruji. Chupa ilipita katika ukuta wa matofali na kutokea upande wa pili. Mwenzake aliyekuwa njiani alipoteza mguu.

Kisha alituuliza, “Nani amewaambia munaweza kuchezea hii kitu?”

Watoto walitazama chini. Mimi nilitazama daftari langu.

Direkta wa disiplini alikuja, na mambo yakaenda kwa utaratibu wa kila siku. Azabu: watoto watano watakata majani nyuma ya kanisa juma zima, na hawataona sinema mwezi mzima. Mjue kwamba ni kazi ya kapita kuandika majina ya wenye azabu. Niliyaandika. Niliyaandika vizuri, kwa kalamu nyekundu, moja mpaka tano. Yule mdogo aliniangalia wakati nilipoandika jina lake. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingojea tu, nafikiri, kuona kama nitasema kitu. Sikusema.

Siku ya tatu ikafika, na Mwalimu wa fizikia akafanya hesabu ya chupa kama alivyoahidi. Aliuliza kwanza: chupa ya fundi ina nini ndani? Inachukua lita 50, na gazi limeshindiliwa mpaka bar 200 hivi. Maana yake, kama ukiitoa oksijeni ile yote nje, itajaza lita 10.000, nafasi ya chumba kidogo. Bar 200 ni kama kuweka kilo 200 juu ya kila santimeta mraba ya chuma, mahali pa ukucha wa kidole gumba, mchana na usiku. Tuseme shingo imevunjika na tundu limekuwa la santimeta mraba 2: chupa inasukumwa kwa nguvu ya kilo 400 hivi, nayo yenyewe haifiki hata kilo 100. Basi itakwenda wapi? Itakwenda inakotaka, na anayesimama mbele yake hataulizwa.

Halafu akazidisha mgandamizo kwa ujazo, ili tupate kipimo cha karibu: Paskali 20.000.000 mara meta kubiki 0,05. Ubaoni ikaandikwa joule 1.000.000. Akageuka, akachora mshale mpaka kwenye hesabu ya siku ya kwanza, ambayo ilikuwa bado upande wa kushoto kwa sababu hakuna aliyefuta. Joule 2.000 za Kalashnikov. “Gawanyeni,” akasema. Tukagawanya. Ni 500.

“Mnaona? Ninyi mliuliza kama risasi ina nguvu ya kulipua chupa. Mliuliza swali kwa upande wa nyuma. Ile yenye nguvu si risasi. Chupa moja iliyosimama kimya chini ya mti inabeba nguvu za risasi 500. Risasi inafungua mlango tu. Na mlango unaweza kufunguliwa na jiwe, na kutu, na mtu anayeiburuta bila kofia yake.”

Alieleza mengine, nami niliandika mpaka mkono ukauma. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya vitu vingine viwake kwa ukali, hata mafuta na grisi, ndiyo sababu fundi hagusi ufunguo wake kwa mikono ya mafuta. Gazi la kupikia linawaka, lakini linahitaji kuchanganyika na hewa kwa kipimo: propani, kati ya sehemu 2 na 10 hivi katika sehemu 100 za hewa. Likiwa chache mno haliwaki, likiwa jingi mno haliwaki. Ndiyo maana risasi ilipotoboa bombone ya majaribio hapakuwa na boum. Lakini gazi hilo ni zito kuliko hewa. Likivuja linashuka, linatambaa sakafuni, linajaza shimo na pembe, likitafuta makala yenye moto ao sigara. Na bombone ambayo haikuguswa na risasi hata moja, ukiiweka ndani ya moto, gazi lake linapanuka na chuma kinalainika, mpaka siku moja kinapasuka, na hapo ni moto mkubwa kuliko ule wa sinema. Alitaja San Juan Ixhuatepec, karibu na mji wa Mexico. Tarehe 19 Novemba 1984 gazi lilivuja katika gala kubwa ya gazi, likakutana na moto, na matangi yakapasuka moja baada ya lingine. Watu karibu 500 walikufa. Hakuna aliyepiga bunduki.

Hapo akanyamaza kidogo, na akasema, “Na hapa kwetu mnajua Sange.”

Tunajua. Tarehe 2 Julai 2010, lori la esansi lilianguka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, njia ya Uvira. Watu walikuja na ndoo na mabidoni kuchota. Wengine walikuwa wamejaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini nyumbani kwetu jina hilo linatajwa kwa sauti ya chini. Esansi si gazi la chupani, Mwalimu akasema, lakini mvuke wake unafanya vilevile: ni mzito, unatambaa, unangojea. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Katika nchi ambayo mtoto anaweza kutambua bunduki kwa sauti yake, watu wale hawakuuawa na bunduki. Lori lililala kimya njiani, nao wakalikaribia kwa sababu halikuwa na sauti ya kutisha.

Nilipokuwa nikisikiliza nilikuwa nikiona kiganja kimoja, umbali ule kati ya shingo ya chupa na jiwe la msingi. Na nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe: lenga pale juu kwenye ufunguo.

Nataka mnielewe vizuri. Yale niliyoyasema juu ya kitanda yote yalikuwa kweli. Chupa ya hewa hailipuki kwa moto: kweli. Risasi ya kawaida haiwashi gazi: kweli. Joule zote nilizitaja sawasawa. Nilikuwa na nusu ya kweli mkononi, na kwa sababu ilikuwa kweli niliiamini yote, nikaitia mwisho wangu mwenyewe: haiko na hatari. Mtu wa sinema alitudanganya kwamba chupa inalipuka kwa risasi, na kwa uongo wake watoto wangeogopa chupa. Mimi nilisahihisha uongo wake, na kwa usahihisho wangu watoto wakaichezea. Kati ya sisi wawili, nani aliwaweka karibu zaidi na kifo?

Mchungaji alitufundisha mwaka huu barua ya Yakobo, mahali anapoonya wale wanaotaka kuwa walimu, kwamba hesabu yao itakuwa kali kupita ya wengine. Nilifikiri ni maneno ya wachungaji na wazee wa kanisa. Sikufikiri kwamba mtu anakuwa mwalimu saa ileile anaposimama juu ya kitanda na watoto wananyamaza.

Siku ya ine asubuhi nilibisha mlango wa Direkta wa disiplini. Nilimwambia yote, pamoja na neno la ufunguo, ambalo hakuna aliyelijua. Aliniangalia kwa muda. Nilifikiri ataninyang'anya ukapita, na nilikuwa nimekwisha kuikunja beji yangu ndani ya karatasi mfukoni. Alisema, “Azabu ya wale watoto siifuti. Walipiga chupa ya mtu mawe bila ruhusa. Lakini daftari lako lina majina matano, na mimi naona yanapaswa kuwa sita.” Akanipa kalamu nyekundu. Nikaandika jina langu. Ndiyo sababu juma lile mliniona na kupe mkononi nyuma ya kanisa, na wengine mkauliza na mimi sikujibu. Jibu ni hili.

Siku ya kwanza ya kukata majani hatukusema mengi. Siku ya pili yule mdogo alipumzika karibu yangu, akaniuliza, “Yaya Kapita, ulisema haiko na hatari. Papa fundi alisema inaua. Mwalimu alisema risasi haiwezi. Sasa sisi tuamini neno ya nani?”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, si kwa swali hilo. Nilimwambia hivi, na nalirudia hapa kwa wote: amini neno la Papa fundi kwanza, kwa sababu anafanya kazi na kitu chenyewe na amemwona mwenzake akipoteza mguu. Amini hesabu ya Mwalimu, lakini ngoja mpaka amalize. Na neno la kapita, likiwa juu ya kitu ambacho hajakishika kwa mikono yake, mwulize amelitoa wapi. Akikasirika, jua kwamba hana sababu.

Alicheka. Akaniuliza kama anaweza kuniuliza hivyo hata mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Tangu siku ile ananiuliza kila siku, na mara nyingine anachosha.

Kabla ya kumaliza, haya ndiyo Papa fundi na Mwalimu waliyokubaliana tuwaambie, nami nayaandika bila kuongeza langu:

Chupa ndefu za fundi zisimame zimefungwa kwa mnyororo ao kamba ngumu, na kofia yake iwe juu wakati hazitumiki. Mtu asizivingirishe, asizikalie, asizirushie kitu.

Ufunguo wa oksijeni usiguswe kwa mikono ao kitambaa chenye mafuta.

Bombone ya jikoni isimame nje ya joto, mbali na makala. Ukitaka kujua kama inavuja, paka maji ya sabuni kwenye mpira na ufunguo, tazama kama povu linatoka. Usitafute kwa kiberiti.

Ukinusa gazi, usiwashe taa, usizime taa. Fungua milango, toka, ita mkubwa.

Bombone ikiwa ndani ya moto, usiende kuiokoa. Kimbia, na uwaite wengine wakimbie.

Lori la mafuta likianguka, usiende na ndoo. Hata kama majirani wanakwenda. Hata kama mama amesema hakuna petroli nyumbani.

Mwezi ujao sisi wa mwaka wa mwisho tutafanya Egzetat, na mwingine atapewa daftari hili na kengele. Nitamwachia pia ukurasa ule wenye majina sita, sitauchana. Madirisha ya kanisa yamekwisha, na Papa fundi ameondoka na chupa zake, zimefungwa vizuri nyuma ya gari, kofia zote mbili juu. Mimi ndiye niliyezikaza, na yeye akapita nyuma yangu akizijaribu tena kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Sikuona vibaya.

Bwana awalinde.

Ni mimi, kapita wenu.